Chujio la Watani

Siku ya arobaini ya kesi, Subilaga Mwaipaja aliingia Chumba cha Vipimo na chupa yake ya chai na nia ya kutomhurumia mtu yeyote. Ndivyo alivyofanya kazi. Mpimaji Mkuu wa Joto la Umma akianza kuona huruma, namba zake nazo zitaanza kuona huruma, na Subilaga alikuwa na miaka kumi na moja ya namba ambazo hakuna wakili aliyewahi kuzipindisha.

Ukuta wa mbele ulikuwa ramani ya Jamhuri nzima. Kila bangili kwenye mkono wa mtu mzima ilikuwa nukta moja pale ukutani. Bangili ilisikiliza mapigo ya moyo, jasho la ngozi na sauti ya mwenye nayo wakati anaitazama kesi, kisha ikatoa rangi. Nyekundu ni ghadhabu. Kijani ni radhi. Kijivu ni mtu aliyesinzia, na hao hawakukosekana, hasa mawakili walipokuwa wakisoma vifungu. Nyeupe ni utani, na utani hauhesabiwi.

Chini ya ramani palikuwa na namba moja kubwa, asilimia ya radhi: sitini na saba.

"Imepanda tena," alisema Kulwa Masunga, msaidizi wake, bila kugeuka. "Alfajiri ilikuwa sitini na tano."

"Alilia tena jana."

"Analia vizuri, yule baba. Hata kamasi anaitoa kwa mpango."

Aliyesemwa ni Mheshimiwa Gwakisa Mwalwembe, Waziri wa Maji kwa miaka tisa, mtu wa Mlimani kama Subilaga mwenyewe. Mashitaka yake yalijulikana mpaka na watoto wa chekechea. Siku ya kuzindua mtambo wa pili wa Bwawa la Itungulu, wageni wakiwa mezani, maji yalipanda ghafla na wahandisi wakalazimika kufungua milango. Ving'ora vya kuwaonya watu wa chini havikulia. Mtu fulani aliamuru vizimwe, wageni wasije wakaacha sahani zao na kukimbia. Mto ukashuka Bondeni mchana kweupe ukakikuta kijiji cha Mwabuki kinaanika mpunga. Watu mia tatu na kumi na wawili.

Aliamuru nani? Siku arobaini zilikuwa zimepita na Gwakisa hajaulizwa. Si kwamba jaji alisahau. Tangu ule Mwaka wa Moto, hukumu ya kiongozi mmoja ilipoteketeza miji mitatu kabla ya magharibi, Jamhuri ilijitungia Kifungu cha Radhi. Kiongozi anayeshitakiwa aliruhusiwa kuchagua asihojiwe, ila azungumze na wananchi moja kwa moja. Theluthi mbili ya joto lote likiwa la radhi, anaomba msamaha mbele ya kamera na anakwenda zake nyumbani. Lisipofika hapo, au kipimo kisipopatikana, anapanda kizimbani kuhojiwa kama mwizi wa kuku. Kwa hiyo Gwakisa alizungumza. Alimzungumzia mama yake aliyebeba kuni, shule aliyokwenda pekupeku, na kisukari chake. Theluthi mbili ni sitini na sita na ushei. Kipimo kingefungwa kesho saa tatu asubuhi.

"Shahidi wa mwisho," Kulwa alisema. "Bibi Nyamizi Shigela. Wa Mwabuki."

Kwenye skrini ndogo alionekana mwanamke wa miaka sabini na kitu, mfupi, kajifunga khanga mbili, kakataa kiti alichopewa. Alimtazama Gwakisa kwa muda mrefu kiasi kwamba karani alikohoa.

"Mheshimiwa," alisema, "mimi na wewe ni watani. Babu yako alipokufa, babu yangu ndiye aliyeingia kaburini akalala chali, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Watu wakacheka wakiwa na machozi. Ndiyo kazi ya mtani. Sasa sisi tulikufa. Makaburi mia tatu na kumi na mawili, nimeyahesabu kwa miguu yangu. Hakuna mtu wa Mlimani aliyekuja kulala hata kwenye moja. Tulizikana wenyewe, bila kicheko. Kwa hiyo utani wenu tumewarudishia. Leo nasema na wewe kama mtu baki. Umetuua, mbwa wewe. Ulikuwa unakula nyama ya kuchoma na ukatuua."

Bondeni yote ililipuka pale ukutani. Subilaga aliona mapigo ya moyo yakiruka katika wilaya saba kwa wakati mmoja, nukta laki nane na zaidi, kitu ambacho hakuwahi kukiona tangu mfumo uwashwe. Kisha, kabla hajameza chai iliyokuwa mdomoni, nukta zote zikageuka nyeupe.

Namba ikacheza kidogo. Sitini na nane.

Kiti kilianguka nyuma yake. Kulwa alikuwa amesimama, ngumi kazikunja, analia kwa sauti ya mtu aliyebanwa kifua. Subilaga alijua kwa nini. Kulwa, mtu wa Bondeni, alizaliwa pacha, na pacha wake, Doto, alikuwa Mwabuki siku ile akimtembelea mama mkwe. Lakini hakumtazama usoni. Alitazama kona ya ukuta, zilipokuwa bangili mbili za kulinganishia, yake na ya Kulwa, ambazo kila asubuhi walizitumia kuhakikisha mashine haisemi uongo.

Bangili ya Kulwa ilikuwa nyeupe. Pembeni yake palikuwa na neno moja dogo: utani.

Mtu analia mbele yake mpaka mabega yanatetemeka, na mashine inasema anatania. Subilaga alijua hasa ni mstari upi wa maelekezo uliofanya hivyo, kwa sababu aliuandika yeye.

*

Watu wa Mlimani na watu wa Bondeni wametaniana tangu enzi za vita vyao vya zamani, vilivyokwisha kwa kuchekana. Mtu wa Bondeni akimkuta wa Mlimani anamwita mla viazi, mwoga wa jua, mwenye shingo kama chupa ya siki. Wa Mlimani naye anajibu kwamba Bondeni hata kambale wanajua kusoma kuliko wenyeji. Hakuna anayekasirika. Ukikasirika unatozwa faini ya kuku.

Mashine ya mwanzo haikulijua hilo. Kwenye kesi yake ya kwanza, diwani mmoja wa Mlimani alishitakiwa, na Bondeni nzima ikamtukana kwa raha zake kama desturi. Mashine ikasoma matusi, ikasoma sauti zilizopanda, ikapiga nyekundu. Polisi wakapelekwa Bondeni kutuliza ghasia wakakuta watu wanacheka, na wakawapiga hivyohivyo. Subilaga alikuwa fundi mdogo wakati huo. Ndiye aliyeandika Chujio la Watani: kama anayesema na anayesemwa ni watani, basi ukali wake ni mchezo, uwekwe kando. Lilifanya kazi vizuri. Polisi hawakutumwa tena, na yeye akapandishwa cheo mpaka akafika juu kabisa. Viongozi kumi na wanne wa Mlimani na wa Bondeni walikuwa wamepimwa kwa chujio lile.

Haikumwingia akilini kamwe kwamba utani unaweza kufa. Hakuna mtu wa Mlimani wala wa Bondeni ambaye ingemwingia. Mgeni wa mbali huenda angeuliza, lakini mfumo ulijengwa na wenyeji, na wenyeji walijivunia hilo.

Tena kulikuwa na jingine, ambalo Subilaga alilijua na alikuwa amelifukia. Baada ya mafuriko, Kulwa alirudi kazini akiwa amekonda. Kabla ya hapo hapakupita siku bila kumwuliza kama viazi vya leo vimechemka. Tangu aliporudi hakumtania hata mara moja. Subilaga alisema moyoni, ni majonzi, yatapita. Yeye mwenyewe hakwenda kwenye maziko. Alituma rambirambi na kadi nzuri, kwa sababu wiki ile ilikuwa na kazi nyingi. Sasa aliona aibu, aibu ya kweli, inayochoma masikio.

*

Saa nane mchana yeye na Kulwa walikaa kwa Mama Sikitu, mama lishe wa nyuma ya mahakama. Mji mzima ulikuwa na kesi mdomoni. Kwa kinyozi wa jirani palikuwa na bango: GWAKISA NI WETU, MACHOZI YAKE NI YETU. Upande wa pili wa barabara vijana walivaa fulana zilizoandikwa idadi ya marehemu, bila neno jingine. Mwuza dawa za asili alikuwa akinadi majani ya kupoza moyo, "unywe kabla ya matangazo, bangili yako isikuaibishe." Kwenye redio mchungaji aliomba waumini wake wasamehe mara sabini, na dakika tano baadaye shehe wa kituo kingine alieleza kwamba msamaha hautolewi na asiyedhulumiwa. Mteja mmoja aliapa kwamba shemeji yake alimvisha mbuzi bangili, na mbuzi akahesabiwa radhi siku tatu mfululizo.

"Huyo mbuzi wa Mlimani," alisema Mama Sikitu, na benchi zima likacheka. Kulwa hakucheka.

Subilaga alisogeza sahani. "Nimejaribu pembeni, kwenye nakala. Chujio likitoka, namba ni arobaini na moja."

Kulwa alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa makavu. "Lizime basi, mama."

"Kulwa."

"Ni swichi moja. Una funguo. Kesho saa mbili na nusu unalizima, saa tatu kipimo kinafungwa, unasoma arobaini na moja, yule mtu anapanda kizimbani. Nani atajua? Mimi sisemi hata nikichinjwa."

"Watu wakilala sitini na nane waamke arobaini na moja, watauliza."

"Waulize. Utasema Bibi Nyamizi amewagusa. Si ndiyo ukweli? Si amewagusa? Hiyo arobaini na moja ndiyo namba ya haki, mimi na wewe tunajua. Sikuombi udanganye, nakuomba uache kudanganya!"

Wateja wawili waligeuka. Subilaga alimshika mkono, naye hakuuvuta, ila uliganda.

Ukweli ni kwamba alikuwa ameshaitamani ile swichi. Alikaa mbele yake dakika ishirini nzima kabla ya kutoka, kidole juu yake, akiona jinsi mambo yote yangekaa sawa: Gwakisa ahojiwe, Kulwa apate usingizi, yeye abaki na kiti chake. Tatizo lilikuwa kidole. Kidole kimoja, cha mtu mmoja, kwenye chumba kilichofungwa, kinaamua kesi ya nchi. Leo kidole ni chake na kina nia njema. Na akistaafu?

"Nikilizima kimya kimya," alisema, "wale kumi na wanne wengine watabaki hivyohivyo. Labda kuna Mwabuki nyingine humo ndani ambayo tuliifuta na hatuijui. Na atakayekuja baada yangu ataikuta swichi, na desturi ya kuibonyeza."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kesho nitasema. Mahakamani, hadharani."

Kulwa alimtazama kama mtu anayetafuta kasoro kwenye nguo. "Kiapo cha Mpimaji ni kusoma namba na kukaa. Ukiongeza neno ni miaka mitano."

"Nakijua. Nilikuwa kwenye kamati iliyokiandika."

"Na mfumo wote utakufa. Watasema kama ulikuwa na tundu moja, yako mengine. Mwaka wa Moto ukirudi je? Utakuwa umemfunga mtu mmoja na kuichoma nchi."

Hilo lilimpata, maana ndilo alilokuwa akijiuliza mwenyewe tangu asubuhi. Miji mitatu. Alikuwa na miaka ishirini na tano wakati ule, na alibeba ndoo za maji mpaka viganja vikachubuka. Alijenga mashine ile ili asiyaone tena yale.

"Sijui," alisema. "Naogopa, usidhani siogopi. Lakini walioichoma nchi walikuwa watu waliosema miaka mingi na hakuna aliyewasikia. Na sisi leo tumewageuza laki nane kuwa weupe."

"Ungeweza kulizima tu," Kulwa alisema polepole, akisimama. "Unaogopa kuchafua mikono kwa ajili yetu. Wewe kumbe ni mtu wa Mlimani tu."

Hakulisema kwa utani. Aliondoka, na Mama Sikitu akaja kuchukua sahani, akaona uso wa Subilaga, akamwongezea chai bila kuulizwa.

Jioni dada yake alimpigia simu kutoka Mlimani. Alitaka kujua kama ni kweli ni sitini na nane, kwa sababu ukoo ulikuwa umeshaandaa pilau ya kumpokea Mheshimiwa. "Usituangushe, Suba," alisema kwa furaha. "Ni wetu yule."

"Nimesikia, dada," Subilaga alijibu, na akaenda kupiga pasi suti yake nyeusi.

*

Ukumbi ulifurika. Mlimani walikaa kulia, Bondeni kushoto, askari katikati. Juu ya kiti cha jaji ulining'inia ubao wa namba, ule ambao Gwakisa alikuwa akiutupia jicho siku arobaini kila alipotaka kujua kama machozi yanafanya kazi. Sasa ulisoma sitini na nane, na yeye alikaa amenyooka, tai mpya, kama bwana harusi anayesubiri kuitwa.

Jaji Tabu Ngelela hakuwa mtu wa maneno mengi. "Mpimaji Mkuu. Kipimo kimefungwa?"

"Kimefungwa, Mheshimiwa Jaji."

"Soma."

Subilaga alisimama. "Sitini na nane," alisema. Upande wa kulia ukapiga vigelegele. Akasubiri vipungue. "Na si kweli."

Wakili wa Gwakisa alikuwa amesimama kabla neno halijatua. "Pingamizi! Kiapo!"

"Mpimaji," alisema jaji, "unakumbuka kiapo chako?"

"Nakikumbuka, Mheshimiwa, na najua adhabu yake. Naomba nimalize ndipo nikamatwe."

Jaji Ngelela alivua miwani akaiweka mezani. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia, na Subilaga akaichukua nafasi hiyo kwa mikono miwili.

Aliwaeleza kama anavyomweleza jirani. Kwamba ndani ya mashine mna chujio, na aliliandika yeye. Kwamba chujio hilo humsikia mtani akikasirika na kuamua anacheza. Kwamba jana watu laki nane na ushei wa Bondeni walikasirika, na chujio likawaweka kando kama vile hawakuwapo. "Bibi huyu hapa," alisema, akamwonyesha Nyamizi Shigela kwenye safu ya mbele, "alisimama pale akasema utani ameurudisha. Kila mwenye masikio alimwelewa. Mashine yangu haikumwelewa, kwa sababu mimi sikuwahi kufikiri kuna siku utani utarudishwa. Viongozi kumi na wanne wamepimwa hivi. Sina namba ya kuwapeni. Hiyo iliyo juu hapo msiitumie."

Ghasia zilianzia kulia. "Msaliti! Umekula nini Bondeni?" Sauti ya mwanamke ilimwita kwa jina la ukoo wake na kumlaani. Alitegemea hivyo. Hakutegemea upande wa kushoto. "Miaka kumi na moja!" alipiga kelele mzee mmoja, kasimama juu ya benchi. "Miaka kumi na moja unatutupa, leo ndiyo unatuambia?" Chupa ya maji ikapita karibu na sikio lake. Nyuma kabisa, mlangoni, alimwona Kulwa. Hakupiga kelele wala hakumpungia. Alikuwa anahangaika na kifungo cha bangili yake, akaivua, akaiweka kwenye dirisha. Mtu aliyekuwa kando yake akafanya vilevile, kisha mwingine, safu kwa safu, hadi askari wakawa wanatazamana hawajui kama hilo ni kosa.

Jaji aligonga meza mara moja. Alisubiri, hakugonga tena, na ukumbi ukatulia taratibu.

"Subilaga Mwaipaja, umevunja kiapo mbele yangu. Afisa, mweke chini ya ulinzi." Pingu zikafungwa, baridi na nzito kuliko alivyodhani. "Pili. Kifungu cha Radhi kinasema kipimo kisipopatikana, kwa sababu yoyote, mshitakiwa atahojiwa. Mwenye kipimo amekikana. Kwa hiyo sina kipimo. Karani, zima ubao."

"Mheshimiwa, tunaomba ahirisho la—"

"Hapana. Siku arobaini zinatosha. Mshitakiwa apande."

Gwakisa Mwalwembe alipanda ngazi tatu za kizimba kana kwamba zilikuwa thelathini. Wakili wa serikali, binti mwembamba ambaye kwa siku arobaini hakuwa na kazi ila kukaa, alisimama na karatasi moja mkononi, kisha akaiacha mezani.

Afisa alimgusa Subilaga kiwiko kumtoa nje. "Ngoja kidogo, baba," alimwambia. "Nataka kusikia." Afisa naye alikuwa ameshageuza shingo kusikia. Hakumvuta.

"Mheshimiwa Mwalwembe, siku ile ving'ora vya Itungulu vilizimwa kwa amri ya nani?"

Gwakisa aliinua macho kwenye ubao. Ulikuwa umezimwa. Akayashusha kwa watu. "Ndugu zangu wananchi, marehemu mama yangu, aliyekuwa akibeba kuni—"

"Mama yako hashitakiwi. Kwa amri ya nani?"

"Kulikuwa na ushauri wa wataalamu…"

"Sikuulizi ushauri. Amri."

Bibi Nyamizi alikuwa amesimama tena, mikono kaikamata ncha ya khanga, na hakuna askari aliyemwambia akae. Gwakisa alimtazama yeye, labda kwa sababu hapakuwa na pengine pa kutazama. Alilamba midomo.

"Yangu," alisema. "Amri ilikuwa yangu."

Kushoto mtu alianza kulia, kilio cha chini cha msibani, na wengine wakampokea. Kulia waliinamisha vichwa. Subilaga alisikiliza kwa muda, kisha akamgeukia afisa.

"Haya," alisema. "Twende."